Mwongozo wa Kuchagua Diski ya SSD Inayopatana na Kompyuta ya Mezani ya Zamani

Mkazi wa Kinole, Matombo au Mgeta anayeshuka kutoka milima ya Uluguru kwenda Morogoro mjini kuomba mkopo wa elimu ya juu, kuhakiki cheti cha kuzaliwa au kutuma maombi ya ajira serikalini, mara nyingi huhudumiwa katika duka la steshenari lenye kompyuta mbili au tatu za mezani zilizonunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika. Nauli ameshailipa, siku ya shamba ameshaipoteza, na gari la mwisho la kurudi mlimani halitamsubiri. Kompyuta inapochelewa kuwaka na kusuasua kila inapofungua ukurasa, hasara haiishii kwa mwenye duka. Humfikia pia mwananchi aliyeketi kwenye benchi akisubiri zamu yake.

Katika kompyuta nyingi za aina hiyo, chanzo kikubwa cha uzito ni diski ya zamani inayozunguka. Kuibadilisha kwa diski ya SSD ni njia ya gharama nafuu kuliko kununua kompyuta nyingine, na kazi yenyewe humalizika kwa muda mfupi. Hata hivyo, si kila SSD iliyopo dukani huingia katika kila kompyuta. Mnunuzi asiyechunguza kwanza anaweza kurudi nyumbani na kifaa kizima, cha bei kubwa, kisicho na mahali pa kuchomekwa. Mwongozo huu unaeleza mambo ya kuangaliwa kabla ya kununua, na wajibu unaobaki baada ya diski ya zamani kutolewa.

TOFAUTI KATI YA DISKI YA ZAMANI NA SSD

Diski ya zamani, inayojulikana kwa kifupi HDD, huhifadhi taarifa juu ya sahani za sumaku zinazozunguka. Sahani za diski nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo husogea juu yake kutafuta sehemu yenye taarifa inayohitajika. Mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 8.3. Ukijumlisha na muda wa mkono kusogea, kila taarifa inayotafutwa hugharimu wastani wa milisekunde 12 hivi. Muda huo ni mdogo kwa taarifa moja, lakini kompyuta inapowaka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika.

SSD haina sahani wala mkono. Taarifa hukaa ndani ya vipande vya kielektroniki, kama ilivyo katika flashi au simu ya mkononi, na hupatikana kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Hapo ndipo ilipo faida yake kubwa. Kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka inaweza kuwaka chini ya dakika moja.

Jambo hili lina maana ya moja kwa moja kwa mnunuzi. Kwa kuwa faida kubwa hutokana na kupotea kwa muda wa kutafuta, hata SSD ya kawaida iliyochomekwa kwenye tundu la zamani lenye kasi ndogo huleta mabadiliko yanayoonekana. Mwenye kompyuta ya mwaka 2010 hana sababu ya kulipia diski ya kasi ya juu kabisa, kwani mashine yake haitaweza kuitumia kasi hiyo.

HATUA YA KWANZA: KUITAMBUA KOMPYUTA

Uchunguzi huanzia kwenye kompyuta, kabla ya kwenda dukani. Jina la toleo huandikwa kwenye lebo iliyobandikwa ubavuni, nyuma au juu ya kasha. Kwa kompyuta inayotumia Windows, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows na herufi R, andika msinfo32, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Ukurasa utakaofunguka utaonyesha mtengenezaji, toleo, kichakato, kiasi cha kumbukumbu ya RAM na tarehe ya BIOS.

Jina la toleo peke yake halitoshi, na mfano ulio wazi ni Dell OptiPlex 7010. Kompyuta ya jina hilo ilitoka mwaka 2012, na miongoni mwa mashine zilizotumika huenda mnunuzi akaikuta mara kwa mara. Mwaka 2023 kampuni hiyohiyo ilitoa kompyuta nyingine na kuipa namba hiyohiyo. Ile ya mwaka 2012 haina tundu la M.2 kwenye ubao mama wake. Ile ya mwaka 2023 inalo. Mnunuzi akimtajia muuzaji namba pekee, au akisoma maelezo ya toleo jipya mtandaoni, anaweza kupewa diski isiyoingia. Taja namba pamoja na mwaka, au pamoja na jina la kichakato.

Inapowezekana, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua kasha na upige picha ya ubao mama, ambao mafundi wengi huuita mazabodi. Picha iliyo wazi ikionyeshwa dukani huondoa ubishi mwingi.

HATUA YA PILI: KUTAMBUA KIUNGANISHI

Kiunganishi ndicho kinachoamua kama diski itapatana na kompyuta. Katika kompyuta za mezani zilizopo mitaani, viunganishi vinavyokutwa zaidi ni vitatu.

Cha kwanza ni IDE. Hutambulika kwa waya mpana, bapa, wenye matundu 40. Kompyuta yenye kiunganishi hiki pekee ni ya zamani mno, kwa kawaida ya kabla au karibu na mwaka 2005. Vipo vibadilishi vya kuunganisha SSD na IDE, lakini kichakato na RAM ya mashine hiyo vitabaki kuwa kikwazo. Fedha hiyo ni afadhali iwekwe kwa ajili ya kompyuta nyingine.

Cha pili ni SATA. Waya wake wa taarifa ni mwembamba, wenye njia 7, na waya wake wa umeme ni mpana kidogo, wenye njia 15. Kompyuta nyingi za mezani zilizotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zina kiunganishi hiki. SATA ina vizazi vitatu vinavyopatana: SSD mpya ya SATA huchomekwa katika tundu la kizazi chochote, isipokuwa kasi hupungua kufuata tundu. SATA ya kwanza hupitisha takriban megabaiti 150 kwa sekunde, ya pili takriban 300 na ya tatu takriban 600. Kwa matumizi halisi, SSD iliyo kwenye SATA ya tatu husoma hadi megabaiti 550 kwa sekunde, na kwenye SATA ya pili karibu nusu ya hapo.

Kwa mfano, Dell OptiPlex 780, iliyo ya kizazi cha vichakato vya Core 2, ina SATA ya pili. Kompyuta nyingi za Intel za mwaka 2011 na 2012 zina matundu mchanganyiko: mawili ni ya SATA ya tatu na yanayobaki ni ya SATA ya pili. Katika mashine hizo SSD ichomekwe kwenye tundu lenye kasi, ambalo aghalabu limeandikwa SATA0 au SATA1 pembeni mwake, na diski ya zamani, kama itabakizwa, ipelekwe kwenye tundu jingine. Si ajabu fundi kuichomeka SSD kwenye tundu lililokuwa likitumiwa na kisomeo cha sidii, mwenye kompyuta asijue kwamba amepata nusu ya kasi aliyoinunua.

Cha tatu ni M.2. Hili ni tundu dogo lililolala juu ya ubao mama, na diski yake hufanana na kipande cha bazoka, haina waya wowote. Ilianza kuenea katika kompyuta za mezani kuanzia katikati ya miaka ya 2010. Hapa uangalifu unahitajika zaidi, kwa sababu umbo moja hubeba teknolojia mbili. Zipo diski za M.2 zinazotumia SATA, na zipo zinazotumia NVMe, ambazo katika kizazi chake cha tatu cha PCIe hufikia takriban megabaiti 3,500 kwa sekunde. Baadhi ya matundu hupokea zote mbili, mengine hupokea aina moja tu. Diski inaweza kuingia tundu bila shida na bado kompyuta isiitambue.

Urefu nao hutofautiana. Namba 2280 inamaanisha upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, ambao ndio unaouzwa zaidi. 2242 ni fupi zaidi. Kuna pia matundu ya M.2 yaliyowekwa kwa ajili ya kadi ya mtandao usiotumia waya. Hayo hayapokei SSD za kawaida, na yasichukuliwe kuwa ishara kwamba kompyuta inafaa kwa NVMe.

HATUA YA TATU: UMBO NA NAFASI NDANI YA KASHA

SSD nyingi za SATA ni za umbo la inchi 2.5, na unene wake wa kawaida ni milimita 7. Diski ya zamani ya kompyuta ya mezani ni ya inchi 3.5, kwa hiyo SSD haitajaa mahali pake. Hitaji hapo ni fremu ndogo ya kuishikilia, itakayofungwa kwa skrubu. Kwa kuwa SSD haina sehemu inayozunguka, haitaharibika kwa kukaa pembeni au kusimama, ila isiachwe ikining'inia kwa waya wake, kwani kiunganishi kinaweza kulegea au kuvunjika kasha linaposogezwa.

Hesabu pia nyaya za umeme. Kama diski ya zamani itaondolewa, SSD itatumia waya uleule. Kama zote mbili zitabaki, hakikisha kuna waya wa pili wa njia 15 na waya wa pili wa taarifa. Vibadilishi dhaifu vya waya wa umeme, hasa vile vya plastiki iliyomiminwa pamoja na nyaya, vinaweza kupata moto na kuungua. Ni vyema kuviepuka.

HATUA YA NNE: BIOS NA MFUMO ENDESHI

BIOS ni programu iliyomo kwenye ubao mama, nayo huanza kazi kabla ya Windows au mfumo endeshi mwingine. Mambo mawili yaangaliwe humo.

La kwanza ni namna SATA ilivyopangwa. Kompyuta za zamani hutoa chaguo la IDE au AHCI. SSD hufanya kazi vizuri zaidi katika AHCI. Tahadhari ni hii: kubadilisha chaguo hilo wakati Windows imeshawekwa, bila maandalizi, kunaweza kuifanya kompyuta ikatae kuwaka. Kama Windows itawekwa upya kwenye SSD, badilisha kuwa AHCI kabla ya kuanza kuiweka. Kama imekataa kuwaka baada ya mabadiliko, kurudisha chaguo la awali kwa kawaida huirejesha.

La pili linahusu NVMe. Kuna kadi zinazowezesha diski ya NVMe kuchomekwa kwenye tundu la PCIe la kompyuta ya zamani, na baadhi ya wauzaji huzitangaza kama suluhisho kwa kila mashine. Kompyuta iliyotengenezwa kabla ya NVMe kuenea huweza kuiona diski hiyo baada ya Windows kuwaka, lakini BIOS yake isiweze kuitumia kuwashia mfumo. Kwa maana hiyo diski hubaki ya kuhifadhia faili tu, na uzito wa kuwaka hauondoki. Kwa mashine za kabla ya mwaka 2014 hivi, SSD ya SATA ya inchi 2.5 ndiyo chaguo lisilo na mashaka.

Upande wa mfumo endeshi, Windows 7 na matoleo yaliyofuata yanafahamu amri iitwayo TRIM, ambayo huiarifu SSD vipande vipi vya taarifa vimefutwa ili iendelee kufanya kazi kwa kasi. Windows XP haina uwezo huo.

HATUA YA TANO: UKUBWA WA KUHIFADHI

Kompyuta ya steshenari, ya ofisi ya kijiji au ya mwanafunzi anayeandika ripoti inatoshwa na SSD ya gigabaiti 240 au 256. Anayehifadhi picha nyingi, video au nyaraka zilizoskaniwa anahitaji gigabaiti 480 au zaidi. Gigabaiti 120 huwa finyu baada ya Windows, masasisho yake na programu za ofisi kuwekwa.

SSD isijazwe kabisa. Kuacha wazi asilimia 10 hadi 20 ya nafasi huisaidia kupanga taarifa zake na kudumu zaidi. Mwenye faili nyingi anaweza kununua SSD ndogo kwa ajili ya mfumo endeshi na programu, na kuibakiza diski ya zamani kwa ajili ya faili, mradi diski hiyo bado ni nzima.

Mnunuzi asishtuke akiona diski iliyoandikwa gigabaiti 240 ikionyeshwa na Windows kuwa takriban 223. Tofauti hiyo hutokana na namna mbili za kuhesabu, na hakuna kilichoibwa.

KUJIHADHARI NA DISKI BANDIA

Tangu treni ya reli ya kisasa ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, mfanyabiashara anaweza kwenda Kariakoo na kurudi siku hiyohiyo. Bado nauli ya kurudisha bidhaa isiyofaa ni hasara, na bidhaa bandia haina pa kurudishwa kama hakuna risiti.

Dalili ya kwanza ya diski bandia ni bei. SSD inayodaiwa kuwa na terabaiti 2 huku ikiuzwa kwa bei ya gigabaiti 240 haipaswi kuaminiwa. Udanganyifu wa kawaida ni kuihariri diski ndogo ili ijitangaze kuwa kubwa. Mwanzoni hupokea faili bila tatizo. Ikifika kikomo chake halisi, huanza kuandika juu ya faili za awali na kuziharibu kimyakimya. Programu ya bure ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux, hujaza diski yote na kuisoma tena ili kubaini ukubwa wake wa kweli. Jaribio hilo lifanyike kabla ya kuweka chochote cha thamani.

Kwa diski iliyokwisha kutumika, CrystalDiskInfo huonyesha afya yake, saa ilizofanya kazi na kiasi cha taarifa kilichokwisha kuandikwa. Diski inayouzwa kuwa mpya lakini ina saa elfu kadhaa za kazi irejeshwe. Katika maelezo ya mtengenezaji, angalia muda wa waranti na kipimo cha TBW, yaani terabaiti zinazoweza kuandikwa kabla diski haijachakaa. Kwa bei inayokaribiana, diski yenye chembe za aina ya TLC kwa kawaida huvumilia uandishi mwingi kuliko ya QLC.

Mnunuzi adai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa na kiasi alicholipa. Risiti hiyo ni kinga ya mnunuzi wakati wa kudai waranti, na ni ushahidi anapowasilisha malalamiko. Bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

YASIYOTATULIWA NA SSD

SSD haiongezi kasi ya intaneti. Mtandao ukiwa dhaifu, ukurasa wa maombi utaendelea kuchelewa hata kompyuta ikiwaka kwa sekunde chache. Haiongezi RAM pia. Kompyuta yenye gigabaiti 2 au 4 za RAM itaendelea kulemewa kurasa zikiwa nyingi. Kuifikisha gigabaiti 8 huku SSD ikiwekwa ni uamuzi wenye tija. RAM nayo ina aina zake: DDR3 haiingii katika tundu la DDR4.

Vilevile, SSD haiifanyi kompyuta ya zamani istahili Windows 11. Masharti rasmi ya Microsoft yanataka TPM 2.0 na kichakato kilicho katika orodha yake, ambayo kwa Intel huanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha nane kilichotoka mwaka 2017. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na watumiaji binafsi waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza hupata masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Kompyuta isiyopokea masasisho ya usalama haifai kupokea nywila, namba za vitambulisho na taarifa za malipo za watu wengine. Kwa mashine za namna hiyo, mfumo wa Linux kama vile Ubuntu au Linux Mint hupatikana bila malipo na huendelea kusasishwa. Kabla ya kuhamia huko, mwenye kompyuta ahakikishe kuwa printa na skana yake zinafanya kazi nao.

KUHAMISHA KAZI KWA USALAMA

Kabla ya kufungua kasha, tengeneza nakala rudufu ya faili zote muhimu kwenye diski ya nje. Nakala hiyo ifunguliwe na kukaguliwa. Nakala isiyowahi kufunguliwa haijulikani kama ni nzima.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuweka mfumo endeshi upya kwenye SSD kisha kurudisha faili. Ni ndefu, lakini huacha nyuma virusi na programu zilizorundikana kwa miaka. Ya pili ni kunakili diski nzima kwa programu kama Clonezilla. Njia hii kwa kawaida huhitaji SSD yenye ukubwa sawa na diski ya zamani au zaidi. Fundi akosee kuchagua diski ya chanzo na ya kupokelea, diski tupu itanakiliwa juu ya yenye kazi, na kila kitu kitapotea. Soma jina na ukubwa wa kila diski mara mbili kabla ya kuthibitisha.

Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika SSD ili kuondoa umeme tuli mwilini. Diski ya zamani isifutwe mara moja. Iwekwe kando kwa wiki mbili au tatu, hadi ibainike kuwa hakuna faili iliyosahaulika.

UMEME, UNYEVU NA VUMBI

SSD hustahimili mtikisiko kuliko diski ya zamani, jambo lenye manufaa kwa kompyuta inayosafirishwa kwa barabara za milimani. Haina kinga dhidi ya umeme unaokatika ghafla au unaorudi kwa nguvu. Kukatika kwa umeme wakati diski inaandika kunaweza kuharibu faili au mfumo endeshi. UPS yenye betri nzima inayompa mtumiaji dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kompyuta ni sehemu ya gharama ya ukarabati, isiachwe nje ya bajeti.

Katika maeneo ya Uluguru yenye mvua nyingi na ukungu, kompyuta iwekwe mbali na ukuta unaovuja na isikae sakafuni. Kasha likifunguliwa kwa ajili ya SSD, ni wakati mwafaka wa kuondoa vumbi kwenye feni. Tena, SSD isitumike kama ghala la nyaraka za miaka mingi zisizowashwa. Ikikaa muda mrefu bila umeme, hasa mahali penye joto, inaweza kupoteza taarifa.

DISKI YA ZAMANI INA TAARIFA ZA WATU

Diski inayotolewa katika kompyuta ya steshenari, shule, zahanati au ofisi ya kata imebeba vyeti, picha za pasipoti, namba za NIDA, barua za maombi na taarifa za wagonjwa au wanafunzi. Kuifomati kwa haraka huondoa orodha ya faili tu. Faili zenyewe hubaki na zinaweza kurejeshwa kwa programu za kawaida. Diski hiyo ikiuzwa kwa fundi au kutupwa, siri za mamia ya watu huondoka nayo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu kuzilinda. Wajibu huo haukomi kompyuta inapofanyiwa matengenezo. Diski ya zamani iliyo nzima ifutwe kwa programu inayoandika juu ya eneo lote la diski. Iliyoharibika kiasi cha kutofutika, sahani zake ziharibiwe. Kwa SSD, utaratibu ni tofauti: itumike amri maalumu ya kufuta iliyotolewa na mtengenezaji, kwa kuwa kuandika juu yake hakufikii kila kipande.

Kinachobaki baada ya hapo ni taka ya kielektroniki, ambayo kanuni za mwaka 2021 zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira zinataka ishughulikiwe na wakusanyaji wenye vibali. Kuichoma au kuitupa korongoni katika miteremko ya Uluguru, ambako mito inayopeleka maji Ruvu huanzia, ni kuirudisha sumu yake kwa watumiaji wa maji.

KWA OFISI ZA UMMA

Kompyuta ya Serikali ni mali ya umma. Mtumishi asiifungue wala asinunue diski kwa fedha yake na kuichomeka bila kitengo cha TEHAMA cha taasisi yake kuhusishwa. Kitengo hicho ndicho kinachothibitisha upatanifu, kusimamia nakala rudufu na kutunza kumbukumbu ya diski iliyotolewa, kwa kuzingatia miongozo inayotolewa na Mamlaka ya Serikali Mtandao chini ya Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019. Maombi ya ununuzi yataje kiunganishi, umbo na ukubwa wa diski. Ombi linalosema "SSD" pekee huacha mlango wazi kwa kifaa kisichofaa kuletwa na kupokelewa.

MUHTASARI WA KUBEBA DUKANI

Mwananchi anayekwenda kununua aandike mambo sita kwenye karatasi: jina la toleo la kompyuta pamoja na mwaka wake, kiunganishi kilichopo, SATA au M.2; kama ni M.2, aina inayokubaliwa na urefu wake. Nafasi na nyaya zilizopo ndani ya kasha. Ukubwa wa kuhifadhi anaouhitaji. Na kiasi cha RAM kilichopo. Majibu hayo yakikosekana, ununuzi uahirishwe hadi yapatikane. Yakikamilika, muuzaji mwaminifu ataweza kutoa diski inayofaa kwa mara ya kwanza, na msafiri aliyeshuka kutoka mlimani atamaliza shida yake na kuliwahi gari la kurudi.